Vumilia, Ndiyo Dawa Inaingia

Nimeweka mbele yangu daftari la kurasa 32, lile ambalo ukienda zahanati bila yake unaambiwa urudi dukani ukanunue. Jalada limechanika. Jina la nyanya yangu limeandikwa juu kwa mwandiko wangu wa darasa la sita, kwa sababu nyanya hakusoma na mimi ndiye niliyekuwa karani wake wa hospitali. Kule kwetu Nyacheki kila mzee ana mjukuu wa namna hiyo.

Ukurasa wa tisa una mstari mmoja tu. Umeandikwa kwa Kizungu cha haraka haraka, na maana yake ni hii: sindano ya promethazini, miligramu 50, mshipani, sasa hivi. Tarehe ni ya Agosti 2010. Hakuna sahihi.

Siku hiyo nyanya alikuwa na malaria. Alikuwa amepimwa zahanati Ijumaa, akapewa vidonge vya siku tatu, akavitapika. Akanywa tena, akatapika tena. Jumamosi jioni zahanati ilikuwa imefungwa, na mama akaniambia nimpeleke kwa daktari wa sokoni. Nasema daktari kwa sababu ndivyo tulivyomwita. Alikuwa na koti jeupe, meza, pazia na rafu ya dawa. Alisomea nini na wapi, hakuna aliyeuliza. Chumba chenyewe kilifungwa miaka mingi iliyopita na sina haja ya kumtaja mtu.

Alisema jambo la kwanza ni kuzuia kutapika, na hapo hakukosea. Akafunga mpira kwenye mkono wa kulia wa nyanya, akapapasa, akapata mshipa karibu na kifundo, upande wa kidole gumba. Akavuta dawa kutoka kwa kichupa cha kioo, akadunga, akaanza kusukuma.

Nyanya yangu alizaa watoto tisa, saba kati yao nyumbani. Sikuwa nimewahi kumsikia akilia kwa uchungu. Siku hiyo alipiga kelele.

"Daktari, inachoma! Inachoma kama moto!"

"Vumilia, mama," yule mtu akamwambia, na hakusema kwa ubaya. "Ndiyo dawa inaingia."

Mimi nilikuwa nimemshika kiwiko ili asitikisike. Nikamwambia kwa Ekegusii maneno yale yale: Magokoro, vumilia kidogo tu. Akavumilia. Dawa ikaisha yote kwenye bomba.

Tulipofika nyumbani vidole vyake vilikuwa vimepauka na ni baridi. Kesho yake vikawa na rangi ya zambarau mbivu. Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba mpaka kiwiko, tukamkimbiza Kisii mjini, akalazwa wiki tano. Alirudi bila kidole cha shahada, bila cha kati, na bila ncha ya gumba. Sasa, nyanya alikuwa mchumaji chai. Chai inachumwa kwa gumba na shahada: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kutwa nzima. Mkono wa kushoto ulijaribu kujifunza kazi ya wa kulia, lakini kilo alizopeleka kwenye kituo cha majani hazikufika nusu ya zile za zamani.

Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili ilimpata mtu mwingine.

Watu walianza kuuliza: mkono wa mtu unakufaje hivi hivi? Ikakumbukwa kwamba nyanya na jirani mmoja, mama mzee mjane, walikuwa wamezozana kuhusu mpaka wa shamba. Ikakumbukwa pia kwamba walisalimiana kwa mkono kwenye matanga, wiki moja kabla. Basi, ikatosha. Kama hujaishi Gusii unaweza kudhani huu ni umbea wa kawaida. Mei 2008, miaka miwili tu kabla ya sindano ile, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto wakafa katika kijiji cha Nyakeo huko huko Kisii, wakidaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021 wanawake wanne waliuawa Marani kwa madai hayo hayo. Kwetu, swali la nini kilikula mkono wa mtu si la kupiga gumzo tu. Jibu likikosewa, mtu anaweza kufa.

Jirani hakuguswa, tunashukuru. Lakini chakula chake kwenye harambee kilibaki kwenye sufuria. Watoto waliambiwa wapitie njia ya juu. Kanisani alihamia benchi la nyuma. Aliishi hivyo kwa zaidi ya miaka kumi.

Na ile sindano? Hakuna aliyeilaumu, hata nyanya mwenyewe. Mara moja mama alithubutu kusema labda ni dawa, na mjomba akamkata: "Sindano? Sindano si ni ya kuponya?"

Hapo ndipo penye historia yote ninayotaka kuisimulia.

*

Mimi si daktari. Nilikuwa nasoma historia chuoni, nikaacha mwaka wa pili karo iliponishinda. Siku hizi naandikia watu vitu mtandaoni, kazi ambayo vijana wengi wa Kenya wanaijua na hawaijazi kwenye fomu. Mwaka jana mteja wa ng'ambo alinipa kurasa sita kuhusu kesi moja ya Marekani, Wyeth dhidi ya Levine. Nilikuwa sijawahi kuisikia. Nikaifungua saa tano usiku, na aya ya pili nikakutana na neno promethazini. Nilienda kuchukua daftari chini ya godoro la mama.

Diana Levine alikuwa mwanamuziki wa jimbo la Vermont. Alipiga gitaa na piano, na mikono ndiyo iliyomlisha. Aprili 2000 alienda kliniki akiwa na kipandauso na kichefuchefu. Alidungwa promethazini kwenye msuli, haikumsaidia. Akarudi siku hiyo hiyo, na safari hii wakamdunga mkononi, moja kwa moja mshipani. Dawa ikaingia kwenye ateri. Vidole vikageuka rangi, nyama ikaanza kuoza, wakakata kiganja, kisha wakakata na sehemu ya mkono chini ya kiwiko.

Levine aliishtaki kampuni ya Wyeth, iliyouza dawa hiyo kwa jina la Phenergan. Hakudai kwamba dawa ni sumu. Alidai kwamba karatasi yake ya maelezo haikuonya vya kutosha kuhusu kuisukuma mshipani kwa bomba, wakati njia salama zaidi zilikuwepo. Baraza la mahakama Vermont lilimpa zaidi ya dola milioni 6, na tarehe 4 Machi 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamuunga mkono kwa majaji 6 dhidi ya 3. Uamuzi huo unataja jambo lililonifanya nisimame nitembee chumbani: kabla ya Levine, kampuni ilikuwa na habari za angalau watu 20 waliokatwa viungo baada ya sindano hiyo, kuanzia miaka ya 1960.

Septemba 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo liwekwe ndani ya sanduku jeusi, onyo kali kuliko yote. Hesabu mwenyewe: Septemba 2009 mpaka Agosti 2010. Habari ilikuwa na miezi kumi na moja ya kusafiri mpaka soko letu, na haikufika.

*

Dawa yenyewe ina ukoo wa ajabu. Mwaka 1883 mkemia Mjerumani August Bernthsen, akichunguza rangi ya bluu ya kutia nguo, alipata kemikali iitwayo fenothiazini. Rangi ile ile ya bluu ilijaribiwa na Paul Ehrlich kwa wagonjwa wa malaria mwaka 1891. Fenothiazini yenyewe baadaye ikawa dawa ya kuua wadudu na ya minyoo ya mifugo. Miaka ya 1940, huko Ufaransa, kikundi cha Paul Charpentier katika kampuni ya Rhône-Poulenc kiliongeza mkia kwenye kemikali hiyo na kupata promethazini, ambayo inazuia histamini, ile kemikali ya mwili inayoleta mwasho, chafya na uvimbe wa aleji.

Ilizuia aleji, lakini pia ilituliza tumbo na kuleta usingizi. Daktari mpasuaji wa jeshi la wanamaji la Ufaransa, Henri Laborit, akifanya kazi Bizerte nchini Tunisia mwishoni mwa miaka ya 1940, aliona wagonjwa aliowapa dawa hii wakitulia kabla ya upasuaji. Uchunguzi wake ulichangia kutafutwa kwa ndugu yake promethazini, klopromazini, Desemba 1950. Hiyo ndiyo Largactil, ambayo mtu yeyote aliyewahi kumpeleka ndugu kliniki ya akili anaijua.

Kwa hivyo ni dawa nzuri, na nataka niseme hivyo wazi. Imetuliza matumbo ya watu wengi mno. Shida ni kwamba maji yake ni ya asidi, na asidi hiyo inaunguza mishipa ya damu. Ndani ya msuli mkubwa, kama wa paja, inasambaa taratibu na mwili unaimudu. Ikivuja nje ya mshipa inachoma nyama iliyo karibu. Ikiingia kwenye ateri, ile mishipa inayopeleka damu kwenye vidole, ateri inajikunja, damu inaganda, na vidole vinakosa damu. Karibu na kifundo cha mkono ateri na mishipa ya kawaida vinapita jirani kabisa, na sindano inaweza kukosea kwa upana wa punje ya wimbi.

Ikishatokea hivyo, hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuirudisha nyuma. Kuna ishara moja tu inayotangulia, nayo ni mgonjwa kusema inachoma. Maelezo ya dawa yanasema mgonjwa akilalamika maumivu, sindano isimamishwe mara moja.

Ishara ilikuwepo, basi. Nyanya aliitoa kwa sauti ambayo hata wauza ndizi walioko nje waliisikia. Watu wawili wakamjibu avumilie, na mmoja wao nilikuwa mimi. Kwa nini?

*

Turudi nyuma. Serikali ya Waingereza ilikuja Gusii kwa bunduki, mwaka 1905 na tena 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki afisa Northcote. Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Kisii, na mwaka 1916 jeshi likafungua hospitali mjini kwa ajili ya wanajeshi wake. Hiyo ndiyo mbegu ya hospitali kubwa ya leo. Miaka hiyo hiyo imani ya Mumbo ilikuwa ikiwahubiria watu wakatae mambo ya Wazungu. Si mazingira ya mtu kukubali kutobolewa na chuma na mgeni.

Lakini miaka ya 1920 idara ya matibabu ya Kenya ilianza kupambana na buba katika maeneo ya Waafrika. Buba ni ugonjwa wa vidonda vibaya vya ngozi na mifupa, ulikuwa unalemaza watoto. Mwanahistoria Marc Dawson amezieleza kampeni hizo vizuri. Silaha yake ilikuwa sindano ya dawa zenye aseniki, na ya bismuthi iliyokuwa bei nafuu. Vidonda vilivyokaa miezi vilikauka kwa siku chache. Watu waliokuwa wakikwepa hospitali wakaanza kuja kwa maelfu, wenyewe, kwa miguu, wakidai sindano. Walidai ya buba, kisha wakadai ya kila kitu.

Baada ya vita vya pili ikaja penisilini. Kati ya 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni dhidi ya buba katika nchi 46 na kutibu watu wapatao milioni 50, wengi kwa dozi moja tu ya sindano. Dozi moja! Nani hangeamini? Kizazi cha nyanya yangu kilikua na hilo. Kisha ikafuata ile ambayo Wakenya bado tunaiita PPF, penisilini nzito inayouma mpaka unachechemea ukirudi nyumbani, na kwinini ya kudungwa kwa malaria kali. Zote ziliuma, na zote ziliponya.

Mtu mwenye akili timamu akiona mambo mawili yanafuatana hivyo kwa miaka hamsini, atayaunganisha. Maumivu yakawa ushahidi. Vidonge havikuuma, kwa hivyo ni vya watoto. Mimi siwacheki watu hawa. Walijifunza kwa kuona, na walichoona kilikuwa kweli.

Kwetu mafunzo hayo yaliangukia udongo uliokwisha kulimwa. Wagusii walikuwa na wapasuaji wao kabla ya hospitali yoyote. Omobari omotwe, mpasuaji wa kichwa, alikuwa akifungua ngozi ya kichwa cha mtu aliyepigwa na kuugua kichwa kisichopona, akakwangua mfupa, akafunga. Daktari Edward Margetts, aliyefanya kazi Mathari miaka ya 1950, ni mmoja wa walioandika kuhusu kazi hiyo. Ndugu walimshika mgonjwa, mgonjwa akavumilia bila ganzi ya hospitali, na wengi walipona. Mvulana naye akitahiriwa alisifiwa kwa kutopepesa jicho. Kuvumilia mkono wa mganga ilikuwa sehemu ya kuponywa, na pia sehemu ya heshima.

Halafu kuna klorokwini. Nyanda zetu za juu zilipigwa na milipuko ya malaria tangu mwisho wa miaka ya 1980, na mpaka 1998 dawa rasmi ya kwanza ilikuwa klorokwini. Muulize yeyote aliyekuwa mtu mzima wakati huo: ile dawa ilileta mwasho wa kukufanya ujisugue ukutani kama ng'ombe. Mwasho huo unawapata zaidi watu weusi, na wengi waliacha dozi kwa sababu yake. Dawa za kuzuia histamini, kama Piriton na promethazini, ndizo zilizotumika kuutuliza. Kwa hivyo jina la dawa hii halikuwa geni kwenye rafu za sokoni. Ilikuwa ya mwasho, ikawa ya kutapika, ikawa ya usingizi.

Na rafu za sokoni nazo zina historia. Desemba 1989 serikali ilianzisha malipo hospitalini, ile iliyoitwa kugharamia pamoja. Wagonjwa wakapungua hospitalini, wakaenda kwa aliye karibu na anayekopesha. Mwaka 2004 malipo yakashushwa yakawa shilingi 10 zahanati na 20 kituo cha afya, lakini zahanati ya shilingi 10 isiyofunguliwa Jumamosi jioni haikusaidii Jumamosi jioni. Uganda walipitia njia hiyo hiyo kabla yetu. Watafiti Harriet Birungi na Susan Reynolds Whyte waliandika miaka ya 1990 jinsi hospitali za serikali zilivyoporomoka tangu enzi za Amin, na familia zikaanza kuweka mabomba ya sindano nyumbani na kumwita jirani anayejua kudunga. Hofu ya UKIMWI haikuwafanya waache sindano. Iliwafanya waache sindano za wageni. Walimwamini mtu wanayemfahamu.

Hata sisi tulimwamini yule wa sokoni kwa sababu tulimfahamu.

Duniani kote gharama ya imani hiyo imewahi kukadiriwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2000 pekee sindano zisizo salama zilisababisha maambukizi milioni 21 ya homa ya ini aina ya B na 260,000 ya virusi vya UKIMWI. Tangu hapo mabomba yanayojifunga baada ya kutumika mara moja yameenea, mengine yanatengenezwa hapa hapa Kilifi, na hatari hiyo imepungua. Lakini bomba jipya halimzuii mtu kudunga dawa sahihi mahali pasipofaa. Bomba la nyanya lilikuwa jipya kabisa. Nililiona likitolewa kwenye karatasi yake.

*

Nilimpelekea daftari muuguzi mmoja mstaafu, rafiki ya mama, nikamwomba anieleze ingefaa kufanywa nini. Alisoma mstari, akavua miwani.

"Kwanza, kwani lazima ilikuwa sindano?"

Alisema mtu anayetapika vidonge anaweza kuhitaji sindano, sawa, na mzee anayetapika dawa ya malaria alipaswa kupelekwa hospitali usiku huo huo, kwa sababu sasa tatizo ni malaria wala si kutapika. Lakini kama ni promethazini, ingedungwa ndani kabisa ya msuli mkubwa, paja au sehemu ya juu ya nje ya tako. Chini ya ngozi, hapana. Kwenye ateri, hapana kabisa. Mshipani, afadhali isiwe. Ikilazimu, iwe hospitalini, ichanganywe kwenye maji ya dripu, iingie polepole kwenye mshipa mkubwa, mbali na kiganja na kifundo. Maelekezo mapya ya Marekani ya Desemba 2023 yanasema vivyo hivyo: iyeyushwe kwanza, na iingie kwa dakika 20 mpaka 40. Yule wa sokoni alitumia kama nusu dakika.

Akaongeza mengine. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe dawa hii kwa njia yoyote, inaweza kumzuia kupumua. Mzee apewe kidogo. Aliyedungwa asipande boda boda akiwa dereva, wala asinywe pombe, wala asichanganye na dawa nyingine za usingizi au za maumivu makali bila daktari kujua.

"Na akisema inachoma?" nikamuuliza.

"Unaacha hapo hapo. Hata kama imebaki tone." Akanirudishia daftari. "Sisi tulifundishwa hivyo. Lakini wagonjwa nao wanaona haya kusema. Unamdunga mtu, uso umekunjamana, unamuuliza inauma, anakwambia endelea daktari."

Nilimuuliza kama kesi ya nyanya ingeweza kuandikwa mahali. Akasema Bodi ya Famasia na Sumu ina fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, na siku hizi hata mwananchi anaweza kuripoti. Mwaka 2010 ndio Kenya iliingia rasmi katika mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara hayo. Mkono wa nyanya haumo kwenye hesabu hiyo. Upo kwenye daftari hili, na kwenye midomo ya watu wa kijiji kama kazi ya mchawi.

*

Nyanya alifariki 2019, kwa mambo mengine. Jirani bado yupo. Desemba iliyopita nilichukua daftari, nikapitia njia ya chini, ile tuliyokatazwa tukiwa watoto, nikabisha hodi kwake. Alishtuka kuniona, lakini akanipa kiti na chai. Niliinywa yote.

Nikamfungulia ukurasa wa tisa. Nikamweleza sindano, ateri, yule mwanamuziki wa Marekani, watu 20 wa kabla yake. Nilizungumza kama mtu anayetetea kazi chuoni, na labda ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Yeye alikuwa akiangalia mstari ule ambao hawezi kuusoma, kidole chake juu yake.

"Kwa hiyo ni dawa," akasema.

"Ni dawa, Magokoro. Ni namna ilivyodungwa."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza, si kwa hasira, kwa kutaka kujua tu: "Na wewe si ndiye uliyekuwa naye siku hiyo? Ulimsikia akisema inachoma. Mbona hukumwambia mtu?"

Ningeweza kumjibu kwamba nilikuwa mtoto, kwamba nilidhani kuchoma ndiyo kupona, kama nilivyofundishwa na kila mtu aliyenifundisha. Ni kweli, na ndiyo maana nimeandika yote haya. Lakini yeye hakuwa ameuliza historia. Nilimwambia sikujua, na kwamba Jumapili nitasema mbele ya kanisa.

Nilisema. Wengine waliguna, mjomba alitoka nje. Jirani alikuwa amekaa benchi la nyuma. Jumapili iliyofuata alikuwa bado huko huko, lakini mama yangu alienda akakaa kando yake.